Kuwasha mashine ya gemu ya mwaka 1980 kwenye kompyuta yako: mwongozo wa MAME

Kabla hujapakua chochote, shika kwanza jambo hili: MAME ni programu, lakini haichezi gemu. Inachofanya ni kujenga upya, kwa programu tupu, ile bodi ya saketi iliyokuwa ndani ya kabati la mashine ya sarafu. Bodi ikishasimama, programu iliyochomwa kwenye chipu zake miongo kadhaa iliyopita inaanza kukimbia humo kama ilivyozoea, bila kujua kwamba imehamishwa nyumba.

Chukua Pac-Man ya mwaka 1980. Bodi yake ina prosesa moja ya Z80 inayokwenda kwa megahezi 3.072. Programu yote ni kilobaiti 16, imegawanywa katika chipu nne. Chipu mbili zaidi zimebeba michoro: moja ina herufi, vidonge na kuta za njia, nyingine ina Pac-Man mwenyewe na mizimu inayomfukuza. Kuna vichipu vidogo vya rangi, na sehemu ya sauti yenye njia tatu. MAME inaiga kimoja kimoja na kuvifanya viende kwa saa moja. Ukilielewa hilo, karibu kila kero utakayokutana nayo huko mbele, iwe faili lisilopatikana au picha inayoshtukashtuka, utajua imetoka wapi.

Mradi huu ulianzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria, na toleo la kwanza lilitoka Februari 1997. Tangu 2016 ni programu huria, na toleo jipya hutoka takriban kila mwezi.

Kuiweka kwenye kompyuta

Kwenye Windows, ipakue kutoka tovuti ya mradi wenyewe, mamedev.org. Faili hilo hujifungua lenyewe. Likikuuliza lijifungulie wapi, lipe folda fupi kama `C:\mame`. Usiiweke ndani ya Program Files, kwa sababu Windows inabana uandishi wa faili pale, nayo MAME inataka kuhifadhi mipangilio yake hapohapo ilipo. Kwenye Ubuntu au Debian, `sudo apt install mame` inatosha. Kwenye Mac, mwenye Homebrew aandike `brew install mame`.

Sasa fungua folda ya MAME, andika `cmd` kwenye upau wa anwani ulio juu ya dirisha, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi la amri litafunguka likiwa tayari ndani ya folda hiyo. Andika:

`mame -createconfig`

Hapo linazaliwa faili liitwalo `mame.ini`, ambalo unaweza kulifungua kwa kihariri chochote cha maandishi. Mstari wa kuangalia ni ule wa `rompath`: ndio unaoiambia MAME itafute ROM, yaani nakala za yaliyomo kwenye chipu, katika folda ipi. Kwa kawaida umeandikwa `roms`, na ningekushauri uuache hivyo.

MAME ina menyu yake ya picha, nawe unaweza kuitumia ukipenda. Mimi bado namshauri kila anayeanza atumie dirisha la amri kwa wiki ya kwanza. Menyu itakuambia kwamba kuna kitu kimekosekana. Dirisha la amri litakutajia kitu chenyewe, jina kwa jina.

ROM ya kwanza, tena iliyo halali

MAME haiji na gemu hata moja. Yaliyomo kwenye chipu ni kazi ya watu, na hakimiliki ya sehemu kubwa ya kazi hizo ingali hai hata kama mashine zenyewe zilishaondoka madukani. Ukiwa na bodi yako unaweza kusoma chipu zake pale sheria ya nchi yako inaporuhusu. Njia hiyo nitaifikia mwishoni. Lakini kwa kuanzia ipo njia nyepesi. Baadhi ya wenye haki wameruhusu gemu zao zitumike bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na tovuti ya MAME inazitoa kwenye ukurasa wake wa ROM. Utazikuta Robby Roto, Star Fire, Targ, na ile ninayompa kila mtu aanze nayo: Gridlee, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo iliishia kwenye mashine za majaribio bila kuingia sokoni. Bila MAME, wengi wetu tusingejua kwamba iliwahi kuwepo.

Pakua `gridlee.zip`, uiweke ndani ya folda ya `roms`, halafu iache kama ilivyo. Usiifungue, wala usibadilishe jina lake. Nasisitiza kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima hapo. Niliona zipu, nikafanya kama nilivyozoea kufanya na zipu zote: nikaifungua, nikamwaga faili zake zote moja kwa moja ndani ya `roms`, kisha nikaifuta. MAME ikawa inaniambia hakuna kitu, na mimi nikitazama naviona vitu vimejaa tele. Kumbe yenyewe inatafuta zipu, au folda, yenye jina fupi la mashine. Zipu ile ni kama bodi nzima, na faili zilizomo ni chipu zake. Nilikuwa nimeing'oa bodi chipu zote na kuzitawanya sakafuni.

Hakikisha kwanza:

`mame -verifyroms gridlee`

Ukijibiwa `romset gridlee is good`, washa:

`mame gridlee`

Itatokea skrini ya maelezo. Bonyeza kitufe chochote uipite. Kisha wengi hukwama hapahapa: wanabonyeza Enter, wanabonyeza Space, gemu inaendelea kujionyesha yenyewe kama haiwaoni. Ni mashine ya sarafu hiyo, inasubiri sarafu. Bonyeza `5` kutumbukiza sarafu, kisha `1` kwa kitufe cha mchezaji wa kwanza. Mishale inaongoza, Ctrl ya kushoto ni kitufe cha kwanza cha kitendo, Alt ya kushoto ni cha pili, Space ni cha tatu. Esc inatoka, na Tab inafungua menyu ya ndani ambayo tutairudia mara nyingi. Ukitaka gemu ikae kwenye dirisha badala ya kujaza skrini yote, ongeza `-window` mwishoni mwa amri.

Ukija kuwasha Pac-Man, usishtuke. Kwa sekunde chache za mwanzo skrini inajaa herufi na vipande vya rangi vilivyochanganyika ovyo, halafu unatokea mchoro wa mistari ya mraba, ndipo gemu inaanza. Picha haijaharibika. Programu ya 1980 inajaribu kumbukumbu ya bodi yake kabla ya kufungua biashara, na inaijaribu kila inapowashwa, hata leo ambapo kumbukumbu hiyo haiwezi kuungua.

Ukiona NOT FOUND

Huu ndio ujumbe unaowakatisha tamaa watu wengi kuliko wote. Soma majina yaliyo mbele yake kwa makini, maana yana habari. Faili liitwalo `pacman.6e` ni chipu iliyokaa mahali palipoandikwa 6E kwenye bodi, kwa kuwa bodi nyingi zimegawanywa kwa namba upande mmoja na herufi upande mwingine, kama ramani. Jina `82s123.7f` linakutajia hata aina ya chipu: ni 82S123, kichipu cha baiti 32 tu kinachobeba rangi, na makao yake ni 7F. Kwa hiyo MAME ikisema `82s123.7f NOT FOUND`, inakuambia: bodi ninayo, ila tundu la 7F liko wazi.

Kwa nini liwe wazi? Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni uhusiano wa mama na mtoto. Gemu nyingi zilitoka kwa matoleo kadhaa. Katika hesabu ya MAME, mama wa Pac-Man ni `puckman`, toleo la Japani. `pacman`, toleo la kampuni ya Midway ya Marekani, ni mtoto wake. Vichipu vya rangi na vya sauti ni vilevile kwa wote wawili, kwa hiyo kwenye seti zilizogawanywa vinawekwa kwa mama peke yake. Mwenye `pacman.zip` bila `puckman.zip` ana nusu ya mzigo. Seti za namna nyingine hubeba kila kitu ndani ya kila zipu, na nyingine huweka matoleo yote ndani ya zipu moja ya mama. Kama huna uhakika mama wa gemu yako ni nani, uliza:

`mame -listclones pacman`

Sababu ya pili ni mashine zilizotumia bodi moja kwa gemu nyingi. Neo Geo ya mwaka 1990 ilikuwa na bodi mama yenye programu yake ya kuwashia, na gemu zikaja kwa katriji. Ndiyo maana kila gemu ya Neo Geo inadai `neogeo.zip` ikae pembeni yake. Huwezi kuchomeka katriji hewani.

Ya tatu ni diski. Killer Instinct ya 1994 ilikuwa na diski ngumu ndani ya kabati. Yaliyomo kwenye diski kama hiyo huhifadhiwa katika faili la CHD, na faili hilo halikai ndani ya zipu: linakaa kwenye folda yenye jina la mashine, yaani `roms\kinst\kinst.chd`.

Na ya nne ni umri. Watu wanaendelea kusoma chipu upya na kugundua kwamba nakala ya zamani ilikuwa na kosa, au kwamba chipu fulani ilirukwa. MAME ikisahihisha orodha yake, seti yako iliyokuwa nzuri mwaka juzi inaweza kuonekana pungufu leo. Usikasirike nayo. Mradi huu unaweka kumbukumbu ya mashine kama zilivyokuwa, na kumbukumbu husahihishwa. Ujumbe wa `WRONG CHECKSUMS` mara nyingi unatokana na hilo hilo: chipu ipo, lakini yaliyomo hayalingani na namba za ukaguzi zinazojulikana. Nao `NO GOOD DUMP KNOWN` una maana kwamba hadi sasa hakuna aliyefanikiwa kuisoma chipu hiyo sawasawa, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

Picha: hapa pana kazi kubwa kuliko unavyodhani

Pac-Man inachora pikseli 224 kwa upana na 288 kwa urefu, kwenye skrini ya televisheni ya kioo iliyolazwa kwa ubavu. Kwenye skrini yako pana itasimama katikati kama mlango, na pande mbili zitabaki nyeusi. Iache hivyo. Kishawishi cha kuivuta ijaze skrini ni kikubwa, lakini ukifanya hivyo Pac-Man anakuwa yai. Kama skrini yako inaweza kugeuzwa wima, igeuze, kisha tumia `-ror` au `-rol` kulingana na upande ulioigeuzia. Mara ya kwanza nilipoona Galaga imejaa skrini iliyosimama wima nilikaa kimya kwa muda.

Michoro ya enzi ile ilitengenezwa ikijulikana kwamba kioo cha televisheni kitailainisha: rangi zinavuja kidogo, mistari ya kuchorea inaacha vivuli kati yake, kona zinajipinda. Kwenye skrini bapa ya leo kila pikseli inakuwa tofali lenye ncha kali, na hakuna aliyeichora gemu akitaka ionekane hivyo. MAME inaweza kuiga kioo kile:

`mame gridlee -video bgfx -bgfx_screen_chains crt-geom`

Jaribu na bila hiyo, ulinganishe. Mwonekano huu unahitaji kadi ya picha yenye nguvu kiasi, na unapendeza zaidi kadiri skrini yako inavyokuwa na pikseli nyingi.

Kisha kuna tatizo ambalo watu huliona bila kulijua jina. Skrini nyingi za kompyuta huchora picha mara 60 kwa sekunde. Pac-Man huchora mara 60.6. Kila baada ya sekunde moja na zaidi ya nusu kidogo, fremu moja inakosa nafasi na kuachwa, na jicho linaona mzimu umeruka hatua. Mortal Kombat ni mbaya zaidi kwa sababu inakwenda takriban mara 54.7, na R-Type mara 55. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni `-syncrefresh`, inayoilazimisha mashine ifuate skrini: kwa Pac-Man unapoteza asilimia moja ya kasi, ambayo hutaihisi, lakini Mortal Kombat itakwenda mbio kwa karibu asilimia kumi, na hilo utalihisi kwenye ngumi ya kwanza. Ya pili ni skrini yenye kasi inayobadilika, inayongoja fremu ya gemu badala ya gemu kuingoja. Kama unapanga kununua skrini na gemu hizi ni mapenzi yako, tafuta sifa hiyo kabla ya nyingine zote.

Mikono

Bonyeza Tab na uingie kwenye mipangilio ya vidhibiti. Kuna orodha mbili: ya jumla, inayohusu mashine zote, na ya mashine uliyowasha tu. Badilisha ya jumla mara moja kwa padi yako ya gemu, kisha gusa ile ya mashine pale tu gemu inapodai kitu cha pekee.

Kwa Pac-Man au Donkey Kong, tumia vitufe vya mishale vya padi, si kijiti cha dole gumba. Mashine zile zilikuwa na fimbo ya njia nne pekee, isiyoweza kwenda mshazari. MAME inajua hivyo na inajitahidi kukuchagulia njia, lakini dole gumba linapotangatanga karibu na kona, Pac-Man anapita njia uliyotaka akunje. Arkanoid nayo ilikuwa na kitasa cha kuzungusha: iendeshe kwa `mame arkanoid -mouse`, na utagundua kwamba kwa kibodi ulikuwa unajitesa bure.

Ukihisi mkono umebonyeza lakini gemu inachelewa kuitikia, anza na vitu vya nje. Kama unatumia televisheni, washa hali yake ya gemu. Kama padi yako haina waya, jaribu yenye waya. Baada ya hapo ongeza `-lowlatency`, inayochora fremu mpya kabla ya kusubiri badala ya baadaye.

Swichi za mwenye mashine na alama zinazopotea

Kwenye bodi za kweli kulikuwa na vijiswichi vidogo ambavyo mwenye mashine alivitumia kuamua sarafu moja inanunua nini. MAME inaviweka chini ya Tab. Kwa Pac-Man unaweza kuchagua maisha 1, 2, 3 au 5, na alama za kupata maisha ya ziada. Ukishabadilisha bonyeza F3 ili mashine ijiwashe upya, maana programu nyingi husoma swichi hizo zinapoamka tu.

Watu huuliza kwa nini alama zao za juu za Pac-Man zinafutika wakifunga MAME. Zinafutika kwa sababu bodi ile haikuwa na mahali pa kuzitunza. Umeme ukikatika, zilikwenda. Kama unataka zibaki, kuna nyongeza ya kazi hiyo:

`mame pacman -plugins -plugin hiscore`

Kosa maarufu la hatua ya 256 nalo limekuja zima. Kihesabio cha hatua ni cha biti nane, kinafika 255 na kurudi sifuri, kisha programu inachora matunda kupita kiasi hadi nusu ya kulia ya skrini inageuka takataka. Hakuna aliyeliandika kosa hilo ndani ya MAME. Limo kwenye zile kilobaiti 16.

Kasi

F11 inaonyesha asilimia ya kasi ukiwa ndani ya gemu. Lengo ni 100. Ukitaka kujua kompyuta yako ina akiba kiasi gani:

`mame gridlee -bench 60`

Mashine itakimbia bila picha wala sauti kwa sekunde 60 za saa yake yenyewe, kisha utapewa kasi ya wastani. Za miaka ya 1980 zitakupa maelfu ya asilimia. Za picha za pande tatu za mwishoni mwa miaka ya 1990 zinaweza kushindwa kufika 100 hata kwenye kompyuta nzuri, na hapo kinachosaidia zaidi ni prosesa yenye kiini kimoja chenye kasi kuliko yenye viini vingi vya polepole.

Ukiwa na bodi yako mwenyewe

Chipu nyingi za zamani ni za EPROM, zenye kidirisha kidogo cha kioo juu yake kilichofunikwa kwa kibandiko. Usikibandue: mwanga wa urujuani ukiingia hapo unafuta yaliyomo. Hata bila mwanga, chaji iliyohifadhiwa humo inavuja taratibu kwa miaka, kwa hiyo kusoma chipu leo ni bora kuliko kuisoma baadaye.

Piga picha ya bodi kabla ya kung'oa chochote, ili ujue kila chipu ilikaa wapi na alama yake ya upande iliangalia wapi. Ukiirudisha kinyume na kuwasha umeme, utaiunguza. Inyanyue polepole kwa kitu bapa, upande huu kidogo na upande ule kidogo. Iweke kwenye kifaa cha kusomea chipu, chagua aina iliyoandikwa juu yake, na usome mara tatu. Chipu ya 2716 inatoa kilobaiti 2, ya 2732 inatoa 4, ya 2764 inatoa 8. Kama masomo hayafanani, safisha miguu ya chipu na urudie. Kama yote ni FF tupu, ama chipu imefutika ama miguu haijagusa.

Weka faili zako ndani ya folda moja, kisha:

`mame -romident C:\chipu`

MAME italinganisha kila faili na chipu zote inazozijua, na kukutajia mashine. Ukipata `NO MATCH` kwa faili lililosomwa mara tatu bila tofauti, usilifute. Andika mahali chipu ilipokaa, nakili maandishi ya kibandiko neno kwa neno, uhifadhi na zile picha za bodi, kisha wasiliana na watu wa mradi: inawezekana ni toleo ambalo halijawahi kusomwa na mtu mwingine.